Nunguni na Kunguni: Somo Juu ya Majina ya Wadudu wa Nyumbani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adamu majina. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu wasomaji, somo hili halikutoka kitabuni. Limetoka barazani, na sababu yake ni mzaha. Mwenzetu mmoja afanyaye biashara ya matunda alikwenda Makueni kutafuta maembe na machungwa, akalala usiku mmoja Nunguni, katika milima ya Kilungu. Aliporudi mjini alikuwa na alama nyekundu shingoni na mikononi, na baada ya siku chache kitandani mwake wakaonekana kunguni. Akaihadithia khabari hii barazani baada ya sala ya Isha, na mmoja wetu akamwambia, "Wastaajabu nini? Jina lenyewe lasema. Nunguni ndiko kwa kunguni. Huko ndiko walikotoka wote." Watu wakacheka sana. Mwengine akatia chumvi, akasema kwamba wadudu wote tulio nao majumbani tumeletewa na watu wa bara.

Pale barazani alikuwapo kijana mmoja mzaliwa wa Nunguni. Anafanya kazi hapa mjini, husali nasi na kusoma nasi. Alicheka pamoja na wenziwe. Lakini darasa mbili zilizofuata hakuja, na tulipomwendea kumjulia hali alisema kwamba siku hizi ana kazi nyingi. Sisi si watoto wadogo. Tulijua ni kazi gani.

Ndipo tukaona kwamba ndani ya mzaha ule mna masuali mawili, na yote mawili yataka jawabu. La kwanza ni la ilimu: majina ya wadudu wetu wa nyumbani yametoka wapi? La pili ni la dini: je, yafaa Muislamu kumfunga nduguye na jina la mdudu, ijapokuwa kwa kucheka? Tutaanza na lile la ilimu, kwa sababu kosa la pili limejengwa juu ya kosa la kwanza.

MTU ASILIDHARAU SOMO HILI

Pengine msomaji atasema: watu wana mambo makubwa ya kusoma, nanyi mwatusomesha khabari za mende na chawa! Jawabu ni kwamba wakubwa wetu hawakuona haya kusoma khabari hizo. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, na humo hakumsahau nzi wala mbu. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, alipanga majina ya wanyama kwa taratibu ya herufi, wakubwa kwa wadogo, akaeleza chini ya kila jina lugha yake na khabari zake. Tena Qurani Tukufu ina sura iliyoitwa kwa jina la nyuki, na sura iliyoitwa kwa jina la chungu, na sura iliyoitwa kwa jina la buibui. Na katika Suratul Baqara, aya ya 26, twafunzwa kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya kupiga mfano kwa mbu. Basi sisi ni nani hata tuone haya?

JINA LATAKA MAPOKEZI KAMA HADITHI

Kila mwanafunzi ajua kwamba hadithi haikubaliwi kwa uzuri wa maneno yake tu. Huulizwa: imepokewa na nani, kutoka kwa nani? Asili ya jina nayo ni hivyo hivyo. Kufanana kwa sauti si mapokezi. Maneno mawili yaweza kufanana kama mapacha na yasiwe na udugu. Na mengine yaweza kutofautiana machoni na yakawa ni ya mama mmoja. Anayetaka kusema kwamba jina hili limetokana na lile hana budi kuonyesha njia: sauti gani imegeuka, imegeuka kwa kanuni gani, na kanuni hiyo yaonekana katika maneno gani mengine.

Na tuupime mzaha wetu kwa mizani hiyo. Kwanza, tazama mkia wa jina. Majina mengi ya Ukambani huishia kwa -ni, na -ni hiyo ni ya mahali, kama tusemavyo sisi mjini, shambani, nyumbani. Mfano ulio wazi ni Mbooni, mji wa kaunti hiyo hiyo ya Makueni. Kikamba huiangusha sauti ya g inapokuwa katikati ya irabu mbili, kwa hivyo mbogo wetu kwao ni mboo, na Mbooni ni "penye mbogo". Lakini -ni ya kunguni si ya mahali. Ni sehemu ya mwili wa neno. Hakuna asemaye kwamba mdudu ni kungu, na mahali alipo ni kunguni.

Pili, ili Nunguni iwe kunguni, hapana budi n ya mwanzo igeuke k. Ni kanuni gani hiyo? Sisi watu wa pwani tumepokea majina mengi ya miji ya bara, na Nairobi hatukuiita Kairobi, wala Nakuru hatukuiita Kakuru. Mgeuko uliotokea mara moja tu, katika neno lile tu tulitakalo, hauitwi kanuni. Huitwa dhana. Na Suratul Israa, aya ya 36, imetukataza kufuata tusilo na ilimu nalo.

Tatu, mdudu mwenyewe ni mkongwe kuliko mzaha wetu. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliokichimba kijiji cha mafundi huko Amarna, Misri, wamekuta mabaki ya kunguni ya zaidi ya miaka 3,000. Kunguni hana mbawa, hawezi kuruka kutoka mlimani hata pwani. Hupanda mizigo, vitanda, nguo na magari, na huingia popote watu waingiapo na kutoka. Basi bandari, inayopokea wageni wa kila nchi, haina haja ya kungojea mlima mmoja wa Makueni umletee kunguni. Wataalamu wanaeleza kwamba kunguni wanaouma watu ni wa aina mbili mashuhuri, na mmoja wao ni wa nchi za joto. Milima ya Kilungu ina baridi. Pwani ina joto. Mwenye kutaka kubishana juu ya nani alimpelekea mwenziwe, na aanze kwa kuutazama mfuko wake wa safari.

MAJINA TULIYONYONYA KWA MAMA

Sasa na tuyatazame majina yenyewe. Wako katika sisi wanaodhani kwamba kila neno zuri la Kiswahili limetoka Arabuni, na lililosalia ndilo la bara. Ni kweli kwamba lugha yetu imepokea maneno mengi ya Kiarabu, na twajivunia hayo. Lakini fanya hesabu ya wadudu wa nyumbani. Mwarabu humwita nyuki nahl, nasi twasema nyuki. Yeye asema naml, nasi twasema chungu. Asema dhubab, nasi nzi. Asema qaml, nasi chawa. Asema baqq, nasi kunguni. Asema baudha, nasi mbu. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyeshuka na jina lake kutoka jahazini.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Maneno ya Kiarabu yalikuja kwa njia ya dini, kitabu, hukumu na biashara. Majina ya wadudu hayakuhitaji njia hiyo, kwa kuwa mtoto huyajua kabla hajapelekwa chuoni. Huyajua mgongoni kwa mama yake, anapopepewa nzi na kuchanwa chawa. Angalia mfano wa nyuki na asali. Asali ilikuwa bidhaa, ikapimwa na kuuzwa sokoni, ikapata jina la Kiarabu. Nyuki mwenyewe alibaki mzingani, akabaki na jina lake la kale.

Na jina hilo la kale ni la nani? Kijana wetu wa Nunguni, aliporudi kuzungumza nasi, tulimwomba atutajie majina ya kwao. Nyuki, akasema, ni nzuki. Nzi ni ngi. Mchwa ni muthwa. Waliokuwapo wakatazamana, maana hakuna aliyehitaji mkalimani.

Nyuki wa Mswahili ni nzuki kwa Mkamba, njuki kwa Mkikuyu, enjuki kwa Mganda, inzuki kwa Mnyarwanda, na njuchi kwa Mnyanja wa Malawi. Neno moja limepita lugha sita, na kila mlango limevua viatu kwa desturi ya nyumba ile. Na kwamba pale Mkikuyu asemapo nj Mkamba husema nz, si jambo la nyuki peke yake: njaa yetu kwa Mkamba ni nzaa, na njia ni nzia. Hii ndiyo kanuni tuliyokuwa tukiitaka. Yaonekana katika maneno mengi, wala haikubuniwa kwa ajili ya moja.

Nzi naye ni hivyo. Sisi twatia z, Mkamba na Mkikuyu wameshika g: ngi. Mtu ataona ni maneno mbalimbali, mpaka amsikie Mkikuyu akimwita nzige ngigi. Hapo njia hudhihiri: z yetu hapa ni g yao, mara moja kwa nzi, na mara ya pili kwa nzige.

Ama mchwa, huyu atufaa sisi wa Mvita zaidi. Watu wa Unguja husema mchwa, na wazee wetu wa Mombasa husema mtwa, kama wasemavyo mtele kwa mchele, na mtanga kwa mchanga. Sasa msikilize mtu wa bara: Mkikuyu mchanga kwake ni muthanga, na mchwa kwake ni muthwa, sawasawa na Mkamba. Mchanga, mtanga, muthanga. Mchwa, mtwa, muthwa. Hivi ni vizazi vya baba mmoja, na Mvita imekaa katikati ya Unguja na bara. Mganda naye huwaita enswa wale mchwa wenye mbawa watokao wakati wa mvua, akawakusanya na kuwala kwa furaha. Sisi wenye mbawa twawaita kumbikumbi, na Mnyanja wa Malawi huwaita ngumbi. Mdudu huyu, kwa qauli ya wafasiri, ndiye aliyeila fimbo ya Nabii Sulaimani, amani imshukie, mpaka majini wakajua kwamba bwana wao amekwisha kufa. Khabari hiyo imo katika Suratus Saba, aya ya 14.

Mbu kwa Mnyarwanda ni umubu. Buibui, ingawa wataalamu humtenga na wadudu kwa ajili ya miguu yake minane, tusimwache, kwa sababu jina lake limevaliwa na mama zetu. Mganda humwita nnabbubi. Kwa hivyo jina la buibui dukani kwa mshonaji ni la juzi, na jina la buibui pembeni mwa dari ni la tangu na tangu.

MAJINA YALIYOTOKANA NA VITENDO

Yako majina mengine ambayo Waswahili waliyatunga wenyewe, kwa kumtazama mdudu afanyavyo. Mende ana jina jengine zuri sana, kombamwiko. Kukomba ni kufuta kilichobaki chomboni kisisalie kitu, na mwiko ni ule wa kupikia. Watu wakilala, yeye hutoka akaukomba mwiko ulioachwa bila kuoshwa. Jina hili ni jina, tena ni nasaha kwa mwenye jiko. Kipepeo ni mwenye kupepea.

Tekenya ana kisa chake. Huyu ni kiroboto mdogo aingiaye kwenye nyayo za miguu, aitwaye pia funza. Hakuwa wa nchi zetu. Mwaka 1872 aliletwa na meli iliyotoka Brazil mpaka Ambriz, pwani ya Angola, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kulivuka bara zima kwa miguu ya wapagazi na misafara, akaingia pwani ya mashariki. Alipofika, watu hawakuwa na jina lake. Wengine wakampa jina la zamani la funza, na wengine wakamwita kwa kile walichokisikia ndani ya ngozi, mtekenyo. Hivi ndivyo lugha inavyompokea mgeni: ama humpa nguo ya mwenyeji wa zamani, ama humshonea mpya.

Jina la vunjajungu lataka tahadhari. Mdudu huyu mwenye shingo ndefu, aliyekunja mikono kama aombaye, aliitwa hivyo kwa itikadi ya kale kwamba mwenye kumgusa au kumwua, chombo atakachokishika baadaye kitavunjika. Ndugu zangu, jina tulitumie, itikadi tuiache. Jungu huvunjika kwa mkono usioangalia na kwa amri ya Mwenyezi Mungu, wala mdudu hana shauri katika jambo hilo. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kuitakidi mikosi ya namna hii.

MAJINA HUHAMA

Tena msomaji ajue kwamba jina laweza kubaki na mdudu akabadilika. Sisi nyenje kwetu ni yule apigaye kelele usiku na wakati wa joto. Mganda akisema enyenje amkusudia mende, na Mnyarwanda akisema inyenzi amkusudia mende vile vile. Waarabu nao si mbali na hayo: baqq katika vitabu ni kunguni, na watu wa Iraq wakilitamka neno hilo humkusudia mbu. Hata katika tafsiri ya Qurani, lile neno qummal lililotajwa katika adhabu ya watu wa Firauni, Suratul Aaraf, aya ya 133, wanazuoni wamekhitalifiana: wako waliosema ni chawa, wako waliosema ni nzige wadogo wasio na mbawa, na wako waliosema ni wadudu wa nafaka. Ikiwa mabahari wa ilimu walisimama na kutaja qauli mbalimbali juu ya jina la mdudu mmoja, je, yafaa sisi tukate hukumu juu ya mji mzima baina ya kikombe cha kahawa na kingine?

MAJIRANI KUTUPIANA MENDE

Sasa twaingia katika suali la pili. Mzaha wa barazani kwetu si wa kwanza duniani. Warusi humwita mende mdogo wa jikoni "Mprusi", yaani mtu wa Ujerumani. Na Wajerumani wengine humwita mende huyo huyo "Mrusi". Kila mmoja amempa jirani yake. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliyewapangia viumbe majina ya kilimu, mwaka 1767 alimwandika mende huyo kwa jina la Ujerumani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 umeonyesha kwamba asili yake ni Asia ya Kusini, yapata miaka 2,100 iliyopita. Na mende mkubwa mwekundu tunayemjua sote, Linnaeus alimwandika mwaka 1758 kwa jina la Marekani, na hali wataalamu wanaeleza kwamba asili yake ni Afrika, akachukuliwa na majahazi mpaka huko. Basi mende wa Ujerumani si wa Ujerumani, na mende wa Marekani si wa Marekani. Majina haya hayatuambii mdudu ametoka wapi. Hutuambia ni nani aliyekuwa karibu wakati jina likitolewa.

Mtu aweza kusema: haya ni mambo ya kucheka tu. Na tuwatazame jirani zetu wa Rwanda, tuone kicheko hiki hufika wapi kikiachwa. Lile neno inyenzi, mende, lilikuwa likitumiwa tangu miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa wakivuka mpaka usiku. Baadaye likatandazwa juu ya Watutsi wote, mzee na mtoto. Mwezi wa Machi 1993 gazeti la Kangura liliandika makala iliyodai kwamba mende hawezi kuzaa kipepeo. Mwaka huo huo redio ya RTLM ikaanzishwa, ikalitia neno hilo masikioni mwa watu. Kisha katika siku zipatazo 100 za mwaka 1994, tangu Aprili hata Julai, watu mamia ya maelfu waliuawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wakuu wa redio ile na mwenye gazeti lile, na maneno yao yakawa miongoni mwa ushahidi juu yao.

Hatusemi kwamba baraza yetu ni kama redio ile; Mungu atuepushe. Twasema kwamba njia ni moja, na tofauti ni umbali tu. Kwanza mji wa mtu hufananishwa na mdudu. Kisha mtu mwenyewe huitwa mdudu. Na mdudu, kama kila mwenye nyumba ajuavyo, hana haki ila kupondwa kwa kiatu.

HUKUMU YA DINI

Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza wazi watu kudharau watu wengine, ikakataza kutiana aibu, ikakataza kuitana kwa majina mabaya, ikaonya kwamba huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko anayedharau. Aya haikumtoa mwenye kufanya mzaha. Na katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya Abu Dharr, Mungu amwie radhi, aliyemtia mtu aibu kwa ajili ya mama yake. Mtume (S.A.W.) alimkemea akamwambia kuwa angali na mambo ya ujahili ndani yake. Ikiwa sahaba mkubwa aliambiwa hayo kwa neno moja, sisi tutaambiwa nini kwa kicheko cha baraza nzima?

Ajabu iliyoje kwamba katika kaunti hiyo hiyo ya Makueni, kando ya reli, uko mji uitwao Sultan Hamud, kwa jina la Sultan Hamud bin Muhammad wa Unguja, aliyetawala tangu 1896 hata 1902. Jina la mfalme wa pwani limekaa Ukambani zaidi ya miaka 100, na watu wa huko wamelitunza. Hatujasikia kwamba wamelifanyia mzaha. Wao wamelihifadhi jina letu, nasi tumelitendea nini lao?

KHATIMA

Basi jawabu la suali la kwanza ni hili: kunguni hakupata jina lake Nunguni. Majina ya wadudu wetu wa nyumbani, mengi yake, si ya Arabuni, wala hatukuletewa na watu wa bara kama mtu aletewavyo mzigo. Ni urithi tuliogawana nao. Anayemcheka mtu wa Nunguni kwa ulimi wake, naye asemapo nyuki, nzi na mtwa, anacheka kwa ulimi ule ule.

Na jawabu la suali la pili: mzaha ule haukufaa. Aliyeusema amekubali hayo, tena alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule kijana akamtaka radhi, nasi tuliocheka tukamfuata nyuma. Kijana alisamehe. Akasema kwamba neno lenyewe halikumwuma sana. Kilichomwuma ni kuwa walicheka wale wale anaosimama nao safu moja. Ndugu zetu, maneno haya yatosha kuwa ni darasa.

Kunguni ana dawa yake: godoro litolewe juani, mbao za kitanda zimwagiwe maji ya moto katika nyufa zake, nguo zifuliwe kwa maji ya moto, na mfuko wa safari ukaguliwe kabla haujaingizwa chumbani. Mwenzetu mfanya biashara amekwisha kufanya hivyo, na kitanda chake kimetulia. Neno likiingia moyoni mwa mtu halitoki kwa maji ya moto.

Masuali ya kuzungumza katika halaka:

1. Taja majina matatu ya wadudu yaliyotokana na vitendo vyao, na ueleze kitendo cha kila mmoja.

2. Kwa nini twasema asali kwa Kiarabu, na nyuki hatukumwita kwa Kiarabu?

3. Siku hizi vijana humwita chawa mtu anayejikomba kwa wakubwa. Je, jina hili laingia katika makatazo ya Suratul Hujurat? Lete dalili.

4. Muulize jirani yako aliyetoka bara majina ya wadudu watano kwa lugha ya kwao, uyaandike, uje nayo darasani. Muulize kwa adabu, na umkaribishe kahawa.

Wallahu aalam.